Seti ya kupima DNA kwenye maji: nzuri, ila msidanganywe kuhusu virusi

Wale mnaouliza kuhusu hii seti inayotambua wanyama kwa DNA (vinasaba) wanayoiacha majini, sisi huku Kasese, Uganda, tumeitumia kando ya mfereji wa Kazinga na kwenye vijito vya upande wa msitu wa Maramagambo. Ndani kuna glavu, sirinji kubwa, filta ndogo iliyofungwa ndani ya plastiki na dawa ya kuhifadhi, yaani unavuta maji unasukuma kwenye filta unatia dawa unapeleka maabara basi. Hakuna kumtega mnyama wala kumkimbiza, hapo nimewapenda.

Shida matope! Mvua ikinyesha filta inaziba hata nusu lita hujafikisha, bega linauma, na maelekezo yao utadhani maji yote duniani ni ya bomba. Majibu nayo yalichelewa mno, yalipokuja kiboko yumo, nyati yumo, ng'ombe na mbuzi wa majirani nao wamo, ila hayakuambii ni wangapi wala kama hiyo DNA imesombwa tu na maji kutoka huko juu.

Halafu muuzaji anawaambia watu eti inakamata na virusi. Hapana bwana! Marburg, ile homa kali ya kutoka kwa popo iliyomuua mtalii Mholanzi 2008 baada ya kuingia pango la Python Cave hapa hapa Maramagambo, inaletwa na kirusi chenye vinasaba vya RNA, siyo DNA inayotafutwa na seti hii, na RNA inaharibika haraka na inataka kipimo chake chenyewe. Ukitaka kipimo cha virusi uliza kabla hujalipa.

Nyota 3 kati ya 5. Wakileta filta za matundu makubwa naongeza ya 4.