Tathmini: kipimo cha ukanda cha kukagua mbegu za mahindi ya asili

Mkulima anayetunza mbegu zake za mahindi msimu hadi msimu hawezi kutambua kwa macho kwamba zimeingiliwa na vinasaba vilivyopandikizwa, yaani vile ambavyo wanasayansi wameviingiza kwenye mmea maabara, kwani punje iliyochavushwa na mmea wenye vinasaba hivyo hufanana na nyingine. Ndiyo maana nakithamini kipimo cha ukanda, kinachofanya kazi kama kile cha haraka cha malaria: punje husagwa, hutiwa maji, ukanda huchovywa, kisha kistari kimoja huthibitisha kwamba kipimo ni kizima na cha pili hujitokeza iwapo protini inayotafutwa imo.

Kwa wepesi wa matumizi sina lawama. Hakihitaji maabara, majibu hutoka kwa dakika chache, na wenye mbegu hujipimia wenyewe. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mwaka 2001 watafiti David Quist na Ignacio Chapela walipotangaza kuviona vinasaba hivyo katika mahindi ya asili ya Oaxaca, nchini Meksiko, ambako upandaji wa mahindi ya namna hiyo ulikuwa umesitishwa tangu 1998, wataalamu walibishana kwa miaka mingi: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 haukuona kitu, na wa mwaka 2009 ukaviona tena. Mwenye kipimo chake anaweza kuanza kujikagulia bila kuwasubiri.

Kasoro zake, hata hivyo, ni nzito. Kila ukanda hutafuta protini maalumu, kwa mfano Cry1Ab inayoua viwavi, na hivyo kinasaba kinachozalisha protini nyingine, au kilichomo bila kuzalisha kitu, hupita bila kuonekana. Hapo ni uchunguzi wa vinasaba katika maabara pekee utakaosaidia. Anayepima jani amepima mmea mama tu, wakati punje za mmea huohuo zinaweza kuwa zimepokea chavua kutoka shamba la jirani. Hatari kubwa zaidi ni sampuli ndogo. Ikiwa punje moja katika kila mia ina kinasaba hicho, mkulima atakayepima punje 100 ana uwezekano wa takriban asilimia 37 wa kutoikuta hata moja, ilhali akipima 300 uwezekano huo hushuka hadi karibu asilimia 5. Punje hizo zichukuliwe kutoka mahindi mengi ya sehemu mbalimbali za shamba, na ukanda uwe ule ambao mtengenezaji anathibitisha kwamba hutambua punje moja ndani ya wingi huo.

Kwa masharti hayo ninakipendekeza, hasa kabla ya wakulima kubadilishana mbegu. Chavua nyingi ya mahindi huanguka ndani ya makumi ya mita kutoka kwenye mbelewele, lakini gunia la mbegu husafiri hadi wilaya nyingine kwa siku moja. Kistari cha pili kikitokea, fungu hilo lisipandwe wala lisigawiwe kwa yeyote hadi maabara ithibitishe.