Uzoefu wangu: reli za milimita 12, leza ya Kariakoo na stesheni ya TAZARA mezani

Nimejenga mfano mdogo wa stesheni ya TAZARA ya Dar es Salaam juu ya meza, na treni ndogo zinazotembea. Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Gawanya kwa 87, skeli ya HO wanayoitumia watengenezaji wengi wa treni ndogo duniani, unapata milimita 12.26. Reli ya Kati ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni milimita 1,000, nayo inashuka hadi 11.49. Sasa kule Ulaya kuna reli za mfano za milimita 12, zinaitwa HOm, zinazotumiwa sana na wapenzi wa treni za milimani za Uswisi. Hiyo 12 imekaa katikati ya reli zetu mbili kana kwamba ilipimwa Dar es Salaam.

Wanaoijua Kidatu watanielewa. Pale reli hizo mbili zinakutana, lakini behewa la huku haliwezi kwenda kule, hivyo mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Yote kwa ajili ya milimita 67, kwa sababu TAZARA ilijengwa kwa kipimo cha Zambia na nchi za kusini. Mezani kwangu milimita hizo 67 zimekuwa robo tatu ya milimita, gurudumu halina habari nazo. SGR nayo, milimita 1,435 kwa 87, inatoa 16.49, yaani reli ya HO ya kawaida kabisa. Dar ina reli za vipimo vitatu, mezani vinatosha viwili na bado unabaki na chenji.

Nilichonunua ni vipande 14 vya reli inayopindika, nusu mpya, nusu mitumba kutoka kwa mzee mmoja Ujerumani aliyekuwa anavunja meza yake. Bemo, Tillig na Peco wote wanatengeneza HOm, na mzigo wangu ni mchanganyiko, kwa hiyo sitampa mtu sifa wala lawama za mwenzake. Reli zenyewe ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, si chuma cha kawaida, na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari hilo ni jambo kubwa. Nina vipande vya zamani vya shaba ya njano nilivyopewa bure, vilipata ukungu wa kahawia ndani ya mwezi mmoja na treni ikaanza kusitasita kama dereva wa daladala aliyeona trafiki. Hivi vipya navifuta kwa spiriti safi mara moja kwa wiki mbili, basi. Angalizo: soma lebo ya spiriti. Nyingine za duka la dawa zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo yanabaki juu ya reli.

Kasoro yake kwangu ni mataruma, yale yanayolala chini ya reli. Yamefinyangwa yafanane na mbao, hata mistari ya mti inaonekana, ilhali TAZARA imelazwa juu ya mataruma ya zege. Nimeyapaka kijivu mara mbili. Ukisimama, yanapita. Ukiinama, unaona zege lenye mistari ya msonobari. Mke wangu ananiambia hakuna atakayeinama. Hajui watu ninaowaalika.

Nafasi ndiyo iliyonitesa kuliko pesa. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne inakupa vipande vinne vya mita 1.22 kwa 0.61. Nimeunga vitatu kwa bolti, jumla mita 3.66 kwa urefu, ukuta mzima wa chumba cha wageni (wageni sasa wanalala sebuleni). Kwa skeli, hizo ni mita 318 tu za uwanja halisi. Behewa la mita 20 linakuwa sentimita 23, kwa hiyo treni ya mabehewa 15 ingekula karibu meza nzima hata kabla ya kichwa kufungwa. Yangu ina saba. Majukwaa nimeyafupisha na njia za kando nimezipunguza, lakini jengo lenyewe sikuligusa. Nilijaribu kulifupisha kwenye mchoro, likawa halma­shauri ya wilaya. Ukubwa wake ndio sura yake: lile paa bapa, zile nguzo ndefu zilizojipanga mbele kama askari wa gwaride, na kile kiwanja kipana kinachomfanya abiria mwenye furushi ajione mdogo. Njia nzima hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ingehitaji kilomita 21 za meza, kama kutoka Posta mpaka Pugu. Hilo nimemwachia mwenye nyumba kubwa.

Mwaka pia ilibidi nichague. Nimejenga kabla ya 2018, kwa sababu Septemba ya mwaka ule ilifunguliwa Flaiova ya Mfugale pale makutano ya Nyerere na Mandela, na mimi sina ubavu wa kujenga daraja lile. Ukiniuliza kama huo ni uvivu, nakubali.

Sasa huduma ya leza. Kuta zote nilikatiwa Kariakoo, kwa vijana wanaotengeneza vibao vya majina ya maharusi na vile vya kuchomeka juu ya keki. Duka silitaji. Mashine yao ni nzuri, inakata MDF ya milimita 3 kama kisu moto kwenye siagi, na bei haikuniumiza. Mchoro niliwapelekea kwenye flashi. Kijana akaufungua, akaniuliza, "Mzee, hii si imezidi bodi?" Nikamwambia haizidi, nimepima. Akasema sawa, nikaenda kunywa chai. Kumbe programu yake iliubana mchoro uenee ndani ya bodi, naye akaona mambo yamejipa. Niligundua nyumbani, milango niliyokata mwenyewe ilipokataa kuingia. Upande wa mbele ulikuwa umepungua sentimita tano na ushee.

Nilirudi na rula. Tulivutana kidogo, mwisho wakakata upya, nikalipia bodi tu, kazi wakasamehe. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu una mraba wa milimita 100 pembeni. Nikifika, kitu cha kwanza unakatwa huo mraba kwenye kipande cha taka, tunaupima pamoja, ndipo kazi inaanza. Jambo jingine la leza: miale yake inakula kama sehemu mbili za kumi za milimita kila inapopita, kwa hiyo ulimi na tundu ulivyochora sawasawa vitalegea. Ongeza upana wa ulimi kidogo. Na ncha zinatoka nyeusi kama mkaa, zisugue kwa msasa kabla ya rangi, la sivyo weusi utapenya hata koti la tatu.

Kichwa cha treni hakiuzwi. Dukani hakuna kichwa cha TAZARA kwa kipimo hiki, na wanaotafuta vile vya General Electric aina ya U30C vilivyokuja kuchukua nafasi ya dizeli za Kichina wajiandae kutengeneza. Njia niliyotumia wanaijua wazee wa fani: skeli ya TT, ambayo ni 1 kwa 120, nayo hutembea juu ya reli ya milimita 12. Nikanunua dizeli ya TT ya ekseli sita, mtumba, nikavua bodi, nikakata fremu katikati na kuirefusha kwa kipande cha shaba. Magurudumu ni madogo kuliko inavyotakiwa, lakini yanafichwa na sketi ya pembeni. Bodi nilichora na kuchapishiwa kwa 3D.

Bodi ya kwanza niliiua mwenyewe. Ilikuwa ya PLA, plastiki inayolainika kwenye nyuzi 60 hivi. Niliiacha juu ya dashibodi, gari juani, nikaingia benki. Foleni mnaijua. Niliporudi kichwa changu cha treni kilikuwa kimeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Ya pili nimechapa kwa resini, na inasafiri ndani ya deli la barafu lisilo na barafu.

Umeme. Hapa ndipo pesa zangu zilipopotea kweli. Nilitaka mfumo wa kidijitali, ambapo reli ina umeme muda wote na kila kichwa kina namba yake na kijibodi cha kupokea amri, ili niweze kusogeza kichwa kimoja huku kingine kimesimama jukwaani kinawaka taa. Niliagiza kidhibiti cha bei poa mtandaoni, jina silitaji. Kilidumu wiki tatu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kikatoa harufu tu. Muuzaji akanijibu kwamba "mazingira ya matumizi" hayakuwa sahihi, na ukweli sina hakika alikosea sana.

Badala yake nimejenga DCC-EX, programu huria inayokaa kwenye Arduino Mega, kijibodi cha kompyuta, yenye bodi ya kuendeshea mota. Programu ni bure, bodi zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki mjini, na ikiungua nabadilisha kipande kimoja, sianzi upya. Naiendesha kwa simu. Mbele yake kuna stebilaiza ile ya friji na betri ndogo ya akiba. Mtu asiyependa kushika waya ataona usumbufu, mimi nimeipenda kuliko kitu chochote kwenye meza hii. Taa za mtaa zikikatika, stesheni yangu inaendelea kuwaka dakika 20. Watoto wa jirani huja kusimama dirishani.

Kokoto sikuagiza Ulaya, ingekuwa aibu. Nilichukua vumbi la kokoto, lile la kufyatulia tofali, nikalichekecha kwenye chujio la chai, nikaosha, nikaanika. Mchanga wa pwani usiutumie, chumvi yake itakula nyaya. Unalimwaga, unalipanga kwa brashi ya rangi, unanyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu unadondoshea gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa, kwa bomba la sindano. Bila sabuni gundi inakaa juu kama tone la mvua kwenye jani la mgomba na kokoto zinasogea zote. Kazi hii ilinichukua jioni 11 na mgongo wangu wote.

Watu wa HO wanauzwa kwa pakiti, na wanaopatikana kwa wingi ni Wazungu wenye makoti ya baridi. Mikoba yao ni midogo mno, hakuna anayekwenda Mbeya na mkoba ule. Nimewakata makoti kwa wembe na kuwapaka rangi mmoja mmoja, kina mama nimewafunga khanga za karatasi ya sigara. Magunia ni kitambaa cha bandeji kilichojazwa semolina, madumu ni vipande vya mrija. Nilipanga magunia ya mchele yapatayo 30 mbele ya jukwaa, karibu na kichwa, nikaona nimemaliza.

Baba mdogo alikuja Jumapili. Miaka mingi alikuwa akipanda treni ile kwenda Makambako na biashara zake za mazao. Aliikagua meza kimya, mikono mgongoni, mwisho akainama, jambo ambalo mke wangu aliniahidi hakuna atakayelifanya. Zege lenye mistari hakuliona.

"Haya magunia ya nani?"

"Ya abiria, baba."

"Behewa la mizigo si umelifunga nyuma kule? Hawa watayabeba vipi mpaka mwisho wa treni, na kengele ishalia?"

Nimeyabandua yote usiku uleule. Gundi ya seremala ukiilowesha kwa maji ya moto inaachia, ila semolina inavimba.