Uzoefu wangu: Mosquito ya 1/72, kuanzia gundi hadi milia ya Juni 1944

Jana usiku nilibandua kipande cha mwisho cha tepu kwenye kioo cha modeli yangu ya de Havilland Mosquito, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue boksi wiki sita zilizopita nikaiona ndege nzima. Ni FB Mk VI, aina ya kupigana na kudondosha mabomu, ya plastiki, kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa ya mita 16.5 toka ncha hadi ncha, kwa hiyo modeli inafikia takriban sentimita 23. Inakaa vizuri juu ya viganja viwili.

Niliichagua kwa sababu ya namna ndege halisi ilivyojengwa. Mosquito ilikuwa ya mbao. Bodi yake ilitengenezwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kila nusu ikipindwa juu ya kalibu: plaiwudi nyembamba ndani, balsa, mbao nyepesi sana, katikati, plaiwudi tena nje. Mafundi, wengi wao wakiwa wametoka kwenye viwanda vya samani, walifunga nyaya, mabomba na vifaa nusu zikiwa bado wazi, kisha wakaziunganisha kwa gundi mgongoni na tumboni. Modeli inajengwa hivyohivyo. Unapopaka gundi kwenye ukingo wa nusu moja na kuibana na mwenzake, mikono yako inafuata njia ileile. Sijui ndege nyingine ya vita ambayo modeli yake inakupa hisia hiyo, na kwangu hilo peke yake lilitosha kuinunua.

Lakini hapohapo ndipo penye kazi. Ukiunganisha modeli ya ndege ya mabati, mstari mdogo unaobaki unaweza kupita kama maungio ya bati. Kwenye Mosquito haupiti. Mbao ile ilivikwa kitambaa chembamba na kupakwa dopu, aina ya vanishi ya kukaza kitambaa, na rangi hadi ikawa laini kabisa, kwa hiyo mgongo wa modeli lazima uwe kama ganda la yai. Nilipaka puti, nikaacha usiku mzima, nikapiga msasa wa namba 400, halafu 800, halafu 1500 wenye maji. Nikapuliza praima ya kijivu. Mstari ukaonekana tena nyuma ya chumba cha marubani, mwembamba kama unywele. Nikarudia. Mara ya tatu nilifumba macho nikapitisha ukucha toka kwenye kioo hadi mkiani, na ukucha haukukwama popote. Hapo ndipo nilipojua imekubali.

Waliochonga kalibu ya seti hii wanastahili sifa: bodi wameiacha laini, mistari wameiweka kwenye vifuniko tu na kwenye makasha ya injini za Merlin, ambako kwenye ndege halisi kulikuwa na bati kweli. Mizinga minne ya milimita 20 chini ya pua na bunduki nne za rashasha za Browning puani zimetoka safi. Chumba cha marubani kina viti viwili, cha mwongozaji wa njia kikiwa kulia na nyuma kidogo ya cha rubani, kama inavyotakiwa.

Sasa lawama. Mabawa. Kwenye ndege halisi bawa lilikuwa kipande kimoja kizima na bodi ikakalishwa juu yake. Kwenye seti hii ni vipande viwili vinavyochomekwa ubavuni, na upande wa kulia uliniachia mwanya wa nusu milimita hivi. Nilikata ukanda wa plastiki nyembamba, nikauchomeka, nikaumalizia kwa msasa. Kazi ya saa moja, ila kama hujawahi kugusa modeli utafikiri bawa limevunjika.

Karatasi ya maelekezo nayo inakutaka ufunge miguu ya magurudumu ndani ya makasha ya injini kabla ya kuyabandika kwenye mabawa. Usikubali. Kila gurudumu lina nguzo mbili, na ukizifunga mapema utazivunja wakati wa kupiga msasa, kisha utashindwa kupaka rangi ndani. Nilijaribu bila gundi nikaona kwamba ukikata kipini kidogo cha juu, miguu inaingia mwishoni kabisa na inashika imara.

Kioo nilikibandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya dakika moja hutoa mvuke unaotia ukungu kwenye plastiki angavu, na ukungu huo hautoki. Gundi ya mbao hukauka bila rangi, na ikizidi unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Nilifurahi pia kwamba Mosquito imepata gundi yake.

Rangi ndiyo niliyoisubiri muda wote. Chini ni kijivu chepesi, juu ni mabaka ya kijivu kilichokoza na kijani kibichi cha jeshi. Nilitumia brashi ya hewa, rangi ya maji iliyolainishwa hadi ikawa kama maziwa, nikaanza na kijivu cha chini. Mabaka ya juu niliyazibia kwa nyuzi za udongo laini uliosokotwa, si kwa tepu, ili ukingo uwe na ulaini kidogo tu. Usipulize toka mbali. Rangi hukauka hewani na kutua kama vumbi.

Halafu ile milia. Siku chache kabla ya majeshi ya Washirika, waliopigana na Ujerumani, kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, ndege zao zilipakwa milia mitano, nyeupe na nyeusi ikipishana, ili wanajeshi wa chini wasizipige ndege zao wenyewe. Kwa ndege za injini mbili kila mlia ulikuwa na upana wa inchi 24. Ukigawa kwa 72 unapata milimita 8.5. Seti inakuja na milia ya stika, mimi nikaipaka. Nyeupe kwanza kwa eneo lote, kisha tepu iliyokatwa kwa rula ya chuma milimita 8.5 kamili, kisha nyeusi. Nyeusi yenyewe si nyeusi tupu, nilitia kijivu kidogo, maana nyeusi kali kwenye kitu kidogo hivi humeza umbo lote. Baadaye nikapitisha brashi ndogo kwenye kingo mbili tatu ziyumbe kidogo, kwa sababu milia mingi ilipakwa kwa mkono na kwa haraka.

Stika za maji ndizo zilizonivunja moyo. Ni nene, na herufi moja ya ubavuni ilikatika vipande vitatu ndani ya maji. Zilizobaki nilizipuliza vanishi kabla ya kuziloweka, nikaacha zikauke siku nzima, na hazikukatika tena. Uso wa modeli uwe umeshapakwa vanishi ya kung'aa. Stika ikitua kwenye rangi isiyong'aa hunasa hewa chini yake na kuonyesha weupe. Herufi iliyoharibika niliichora kwa brashi namba 000, na ukiitazama kwa karibu utaona mguu wake wa kushoto ni mnene kuliko wenzake.

Ningeinunua tena? Ndiyo, na tayari nawaza ya pili. Ndege ya kwanza kabisa, W4050, iliyoruka Hatfield tarehe 25 Novemba 1940, ilipakwa njano mwili mzima na bado ipo kwenye makumbusho Uingereza. Njano juu ya mgongo ule laini itaonyesha kila kosa la msasa, kwa hiyo safari hii nimenunua na namba 2000.