TAHADHARI: Ile SSD ya 2TB niliyowasifia ni feki, msiinunue

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliwawekea picha ya mzigo wangu mpya: padi ya gemu, kibodi ya mataa, na SSD ya nje ya 2TB, yaani diski ya kuhifadhia mafaili ya kuchomeka kwa USB, niliyoichukua Kariakoo kwa shilingi 95,000. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba hiyo ndiyo bei halali, wanaonunua kwa laki tatu wanapigwa. Watu watatu wakaniuliza duka lilipo, nikawaelekeza mpaka ngazi za kupanda. Leo nafuta kauli. Aliyeingizwa mjini ni mimi, na mbaya zaidi nimewashika wenzangu mkono nikawapeleka.

Siku ile frem ilikuwa imejaa wateja. Kijana wa dukani, mchangamfu kweli, akaichomeka kwenye laptopu yake mbele ya macho yangu, Windows ikasoma 1.95 TB. Nikaridhika, nikatoa hela. Kumbe nilitakiwa kushtuka palepale. Diski halisi ya 2TB, Windows huionyesha kama 1.81 TB hivi, kwa sababu mtengenezaji anahesabu TB moja kuwa baiti trilioni moja wakati Windows inagawanya kwa 1,024 kila hatua, kutoka baiti mpaka kufika TB. Wenye Mac msitumie kipimo hiki, kwenu 2TB husomeka 2TB. Lakini kwenye Windows, diski inayodai nafasi kubwa kuliko inavyotakiwa ina jambo. Mimi nikaona nimepata nyongeza.

Nyumbani nikaweka gemu moja na miziki, jumla kama GB 20. Vyote vikacheza, ndipo nikapiga ile picha. Spidi ilikuwa ya kusuasua, 25 MB kwa sekunde, na boksi limeandikwa 1,000. Nikalaumu waya. Nikabadilisha waya, nikalaumu tundu la USB, halafu laptopu yangu kwamba imezeeka. Diski yenyewe sikuigusa kwa neno baya, maana nilishaitangaza.

Jumamosi moja nikarekodi sendofu ya binamu yangu Mbagala. Kamera yangu kwa 4K inakula kama GB 45 kwa saa, nikarudi na GB 110. Usiku uleule nikakopi zote kwenye SSD. Mstari ukatembea mpaka asilimia mia bila kulalamika, mafaili yote yakaonekana na majina yake na ukubwa wake. Nikaformati memori kadi, Jumapili nikaenda nayo kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani. Jumatatu nikakaa nianze kuhariri. Klipu za mwanzo safi, MC anaongea, mama anafuta machozi. Ilipofika ile ya ndafu kuingia ukumbini, giza. Inayofuata giza. Giza mpaka mwisho.

Sasa ujue wanavyofanya. Ndani ya kila diski au flashi kuna chipu inayoongea na kompyuta. Kompyuta ikitaka kujua nafasi iliyopo, inaiuliza chipu hiyo, na jibu ikilipata inalichukua kama lilivyo, haiendi kuhesabu. Tapeli anaiandika upya chipu iseme 2TB hali nyuma yake kuna GB 64 tu. Ukiwa bado ndani ya hizo 64 unakula raha. Ukivuka, data inatupwa, na kwenye baadhi inarudi mwanzoni na kukanyaga ulichohifadhi zamani. Orodha ya majina ya mafaili hukaa kule mwanzoni, sehemu ambayo ni nzima, ndiyo maana folda yangu ilionekana imejaa vizuri na ndani hamna kitu.

Niliifungua. Hata skrubu haina, kifuniko kimebandikwa, kinabanduka kwa ncha ya kisu. Nikakuta kibao kidogo kama ukucha wa kidole gumba, memori kadi ya simu imegandishwa kwa gundi ya moto, na kipande cha chuma kisichounganishwa na chochote. Kazi ya chuma ni kuipa diski uzito mkononi. Yaani kuna mtu alikaa mahali akawaza kwamba mteja atapima kwa kiganja, akanunua na vyuma.

Nikarudi dukani. Kijana akaniambia, "Kaka, umeiformati vibaya." Nikamwambia sijaiformati. "Basi virusi." Nikamwomba tuchukue nyingine palepale boksi lake, tuijaribu kwenye laptopu yangu, akasema wateja wanasubiri. Mwisho akapata suluhisho: niongeze elfu thelathini anipe ya 4TB. Nilicheka kwa hasira. Mpaka hapo nilikuwa bado namtetea moyoni kwamba labda naye kauziwa asijue, lakini mtu asiyejua angetaka kuona jaribio.

Risiti aliyonipa ni ya mkono, ina muhuri wa mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipoiulizia siku ya kununua, mashine ilikuwa "haina mtandao". Na malipo hayakwenda lipa namba ya duka, yalikwenda namba ya mtu, jina likaja la mwanamke. Niliyaona yote hayo siku ileile. Nikajiambia labda ni mkewe.

Jina la duka siliandiki, kwa sababu mabango ya frem hubadilika haraka na mzigo huu sasa nauona hata kwa machinga wa barabarani. Utambue mzigo wenyewe: boksi jeusi lenye maandishi ya dhahabu, ukubwa na spidi vimekozwa, mtengenezaji hajatajwa popote. Pembeni yake wanapanga flashi za 1TB kwa elfu ishirini na tano, na SSD "16TB" kwa laki na nusu. Baada ya kupigwa niliulizia maduka mawili bei ya 2TB ya kampuni inayojulikana, yote yakataja zaidi ya laki tatu. Nilipaswa kuulizia kabla.

Kwa simu tuna nafuu. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki Juni 2016, mtu anabonyeza *#06#, anapata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, anaituma kwenda 15090, anapata jibu akiwa bado kaunta. Diski haina pa kuulizia, ni lazima uijaze. Windows kuna programu ya H2testw, ya bure, inaandika data kisha inaisoma tena kulinganisha. Linux na Mac kuna F3. Kuijaza 2TB yote kwa spidi ya ile ya kwangu ni kama saa 22, na bado kusoma, kwa hiyo mimi niliiwekea kikomo cha GB 100. Baada ya saa mbili na kitu ikaniambia data nzima ni GB 58 na ushee, ndiyo ile kadi ya 64 kwa hesabu ya Windows. Ila kikomo hicho kingeipitisha feki yenye kadi ya 128, kwa hiyo kama una usiku mzima, iache ijaze yote. Ukiwa dukani na haraka, programu ya ValiDrive ya Windows inajaribu sehemu zilizotawanyika diski nzima kwa muda mfupi. Muuzaji akikataa usiweke programu yoyote, basi umeshajibiwa, funga begi uondoke.

Malalamiko nayapeleka Tume ya Ushindani, FCC, wao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Nina boksi, risiti ya mkono, ujumbe wa muamala na ile diski iliyofunguliwa. Kama nawe umenunua, usitupe boksi. Binamu nimemrudishia hela yake yote, na sasa naomba ndugu mmojammoja vipande walivyorekodi kwa simu. Ndafu imepatikana, imechukuliwa kwa wima na mtu anapiga vigelegele sikioni mwa kamera.

Wale watatu mlionunua kwa neno langu: wawili nimeongea nao kwa simu, mmoja alikuwa hajaweka kitu. Wa tatu uliniambia unataka kuhamishia picha za marehemu mzee. Kama umeshahamisha, usiongeze faili hata moja na usiiformati. Kopi kwanza kwenye kompyuta yale yanayofunguka, na ile diski ya zamani ulikozitoa usiiguse kabisa mpaka tuongee. Nitafute hata usiku.