Daraja la madereva wasio wataalamu katika mbio za magari (rally) Tanga: libaki la mkoa au liwe la taifa?

Likibaki la mkoa, fundi wa gereji pale Ngamiani anaweza kushindana na gari analoendea kazini. Njia za vumbi za mashamba ya mkonge upande wa Muheza hazimdai nauli wala lori la kubebea gari. Akivunja shokomzoba, Jumatatu anarekebisha mwenyewe.

Likipewa hadhi ya ubingwa wa taifa, wadhamini watalitazama kwa jicho jingine, na jina la dereva litaandikwa mahali. Lakini hesabu inabadilika. Raundi zikienda Arusha au Morogoro, kuna dizeli, malazi, na chakula cha msoma ramani (naye hali kidogo!). Halafu usalama: kizimba cha vyuma ndani ya gari, kofia ngumu, nguo zisizoshika moto. Mikanda yenye nembo ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) ina ukomo wa miaka 5 hivi tangu itengenezwe, hata kama haijavaliwa. Hilo la usalama mimi silipingi; lingefaa hata huku mkoani.

Kinachonitia shaka ni pesa. Tanga ni waja leo waondoka leo, na naona wenye magari makubwa wakija kubeba kombe letu na kuondoka jioni ile ile. Kwangu, libaki la mkoa, ila bingwa wake alipiwe ada ya raundi moja ya kitaifa, akajipime huko.