Canon 700D, Canon 6D na Nikon D750: ipi inatoa picha nzuri ya usiku kwenye karatasi?

Nianze na jibu kabisa. Kama picha zako unazisafisha za inchi 6 kwa 4 za kuweka kwenye albamu, Canon 700D bado inakutosha, hata ukiipandisha ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyoukuza mwanga) mpaka 3200. Ukianza kuuza picha za A4 na za kutundika ukutani, hapo ndipo 6D inapokula pesa yako kihalali. Nikon D750 inazishinda zote mbili kwa mengi, ila sehemu kubwa ya ubora wake haiko pale ambapo mpiga picha za harusi wa Lamu ana shida.

Kazi yangu mimi ni upande wa wanawake: hina, vugo (ngoma ya wanawake ya harusi), kupamba. Simu hukusanywa mlangoni, buibui huvuliwa, na kamera inayobaki ndani ni yangu peke yake. Na shughuli zenyewe ni za usiku. Flashi naitoa kwa shida sana. Ukiilenga usoni, poda na dhahabu vinarudisha mwanga na bibi harusi anatoka kama aliyemwagiwa unga. Walimu wa picha watakuambia uielekeze darini ili mwanga urudi taratibu. Dari zetu ni boriti za mikoko zilizoiva weusi, hazirudishi kitu. Kupamba kukiwa uani, dari ni turubai la buluu, na bibi harusi atakuwa wa buluu vilevile.

Inabaki ISO. Kila unapoizidisha mara mbili, kutoka 100 kwenda 200, 400 na kuendelea, unahitaji nusu ya mwanga wa hatua iliyotangulia. Ukifika 6400 unapiga kwa sehemu moja ya 64 ya mwanga ambao ISO 100 ingeutaka. Lakini sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga, haikuongezewa macho. Ni ule mwanga mdogo uliokuwepo ndio unaokuzwa, na chenga zake, zile punje zinazochafua picha, zinakuzwa nao. Ndiyo maana ukubwa wa sensa una maana. Ya 700D ni milimita 22.3 kwa 14.9, za 6D na D750 ni takriban 36 kwa 24, yaani eneo lake linapita mara mbili na nusu. Kwa hesabu hiyo tu, 700D ikiwa kwenye 1600 inatakiwa ifanane na 6D iliyo karibu na 4000, na nilichokiona kwenye karatasi hakikuwa mbali na hapo.

700D ni yangu ya zamani, ya toleo la 2013. 6D niliinunua mtumba. Yenyewe ilitoka 2012. D750, ya 2014, ni ya binamu yangu anayepigia picha mahoteli Malindi, akaniachia alipokuja kututembelea. Nilimkalisha mpwa wangu chini ya taa moja ya LED, nyuma yake zidaka (vishubaka vya ukutani), mikono yake ikiwa magotini, hina nyekundu na piko nyeusi vikiwa vimekauka vizuri. Lenzi ilikuwa ya 50mm f/1.8, ya Canon kwa Canon na ya Nikon kwa Nikon, zote tundu la mwanga nikalifunga mpaka f/2.8, kamera juu ya stendi. Taa niliichagua makusudi isiyometa. Stima yetu ni ya 50Hz, kwa hiyo taa za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata (pazia la kamera) ikienda mbio kuliko 1/100 ya sekunde picha inapata mistari ambayo watu huilaumu ISO bure.

Kwa 700D kuna kero nyingine hata kabla ya chenga. Kwa udogo wa sensa yake, lenzi ya 50mm inaona kama ya 80mm, lazima urudi nyuma. Wajua vyumba vyetu: virefu lakini vyembamba, upana haupiti urefu wa boriti. Nilifika ukutani na bado miguu ya mtoto ilikuwa nje ya picha.

Ukizifungua picha kwenye kompyuta na kuzikuza asilimia 100, utaichukia 700D papo hapo. ISO 1600 ina chenga, 3200 ina chenga na mabaka, 6400 usiitazame. 6D inaanza kuchafuka wazi kwenye 6400. Wengi hukomea hapo na kutoa hukumu. Lakini mteja wangu hanilipi kwa kuangalia kompyuta. Picha ya 6 kwa 4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1800 kwa 1200, megapikseli 2 na kidogo. 6D ina megapikseli 20, kwa hiyo pikseli kama tisa zinaunganishwa kuwa nukta moja ya karatasi, na chenga zinapungua karibu mara tatu. Kwa A4 unahitaji megapikseli 8.7, muungano ni wa pikseli mbili na kidogo tu. Inchi 12 kwa 18 inataka megapikseli 19.4, hapo ni pikseli kwa nukta, chenga yote uliyoiona kwenye kioo iko ukutani.

Nilizisafisha kwa saizi hizo tatu, nikaandika kamera na ISO kwa penseli nyuma, nikazitandaza juu ya mkeka mbele ya khalati yangu, ambaye amewapamba mabibi harusi tangu kabla sijazaliwa. Za 6 kwa 4 alizipitia, akazipanga, akazipangua.

"Zote ni mikono ya mtoto wetu. Wewe wataka nini?"

Za A4 zilikuwa habari nyingine. Alichukua moja, akaisogeza dirishani, akakunja uso.

"Hina hii kaipaka nani? Mbona imetapakaa?"

Nikaigeuza: 700D, 6400. Hakusema neno kuhusu chenga, wala sidhani aliziona. Alichokiona ni kwamba ncha za maua zimepoteza ukali, na mstari mwembamba wa wekundu baina ya piko na ngozi umemezwa. Hilo ndilo la kuangalia kwenye ISO kubwa. Punje ndogondogo karatasi inazisamehe. Kisichosamehewa ni mabaka ya rangi, yale ya zambarau yanayokaa chini ya kidevu na kwenye vivuli vya ngozi yetu ya maji ya kunde, na kazi ya kamera yenyewe inapojaribu kuyafuta kwenye JPEG (faili iliyokwisha kuhaririwa na kamera) na kufuta hina pamoja nayo. Faili za RAW (ghafi, kamera haijazihariri) za picha ileile, nilipoziondolea chenga kidogo tu za rangi na kuziacha punje, zilinirudishia nusu ya maua. Kama unapiga JPEG, nenda kwenye menyu ya 700D, upunguzaji wa chenga uweke chini. Picha itaonekana chafu zaidi kwenye kioo na safi zaidi kwenye karatasi.

Kwa A4, mpaka wangu basi: 700D mwisho 1600, na 3200 kwa dharura. 6D mwisho 6400 bila wasiwasi. Kwa 12 kwa 18, 6D ya 6400 ukiikaribia unaziona chenga, ukikaa barazani huzioni. 700D singeivusha 800.

D750 nayo? Kwenye 6400, A4, sikuweza kuitofautisha na 6D bila kugeuza karatasi. Pale inapong'aa ni ISO ndogo. Chukua bwana harusi anayetoka alasiri kwenye kichochoro cha Mkomani, kanzu nyeupe iko juani na wenzake wako kivulini. Unapima mwanga kwa kanzu isiungue, halafu baadaye unavipandisha vivuli kwenye kompyuta. D750 inavitoa safi. 6D inatoa mistari na chenga za rangi, hata kama ulipiga kwa ISO 100. Anayepiga mahoteli, mashua na machweo ya Shela aichukue D750 bila kufikiri. Ina pia nafasi mbili za kadi, jambo ambalo kwa harusi lina thamani kuliko megapikseli nne za ziada. Kulenga gizani 6D haiko nyuma sana, ila kati ya nukta zake 11 za kulengea ni ile moja tu ya katikati inayoona gizani kweli. Unalenga jicho kwa hiyo, kisha unapanga picha.

Kamera yoyote lakini inaweza kuharibiwa na anayechapa. Studio moja ya Mombasa ilinirudishia bahasha nzima imepandishwa mwanga na mashine, vivuli vimekuwa vya kijivu na chenga zote zimetoka kifuani mwa bibi harusi. Waambie kabla: wachape bila marekebisho yoyote. Kioo cha kompyuta yako kishushe mwangaza, maana ukihariri kwenye kioo kinachowaka sana, karatasi itakuja na giza na wao watapata sababu ya kuipandisha. Karatasi isiyong'aa inaficha chenga vizuri, lakini inaufanya weusi wa piko uchoke; mimi kwa picha za hina nachukua inayong'aa.

Ukinunua mtumba, uliza shata imepiga mara ngapi: 6D ilitengenezwa kuhimili 100,000 na D750 150,000, na nyingi zimezeekea kazini. Baadhi ya D750 Nikon wenyewe walitangaza kwamba shata zina kasoro, wakazirekebisha bure, kwa hiyo taka namba ya kamera na ujue kama ilipelekwa. Na huku kwetu, kabla ya kutoa pesa, fungua mlango wa betri uangalie vyuma vyake vya mguso. Chumvi ikishaingia hapo, hata ISO 100 haitakusaidia.