Vikatio vya biskuti: kutu ningeisamehe, dharau hapana

Bado nina hasira, mniwie radhi. Majuzi nilinunua seti ya vikatio vya biskuti, vile vya chuma, katika duka moja la vyombo vya kuokea upande wa River Road, Nairobi. Kabla sijalipa nilimuuliza kijana aliyenihudumia kama vinashika kutu. Akaapa kabisa: "Hiyo ni stenlesi, madamu. Utawaachia wajukuu."

Siku ya kwanza vilinifurahisha, siwezi kukana. Ukingo mwembamba, unakata donge baridi bila kulivuta, na nyota inatoka na pembe zake zote tano. Usiku huo nilikuwa nimechoka, nikaviloweka kwenye beseni. Kulipokucha, kila kimoja kina mstari wa rangi ya chai pale kwenye kiungo, ncha mbili za chuma zinapokutana. Nikasugua, nikadhani kutu imetoka. Haikuwa imetoka. Katika biskuti 60 za sherehe ya mtoto wa jirani, zote za nyota zilikuwa na doa ubavuni. Nikaanza upya saa tano usiku.

Nikarudi dukani na risiti. Msichana wa kaunta hakuinua macho kwenye simu: "Bidhaa ikishauzwa hairudi." Nikamweleza kwa upole kwamba niliambiwa ni stenlesi. Akaichukua ile nyota, akaitupa kwenye kaunta ikalia ng'aa, akasema, "Kwani mama, uliviloweka kama maharagwe?" Wateja wakacheka. Mimi naokea watu biskuti miaka mingi, hizo biskuti ndizo zinazolipa karo nyumbani kwangu, na hakuna mtu aliyewahi kunitupia chombo changu cha kazi namna ile.

Nikashuka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, nikampa mzee mmoja anayetengeneza masanduku. Hakuhitaji hata dakika. "Mama, hili ni bati lililopakwa madini ya tini. Hapa lilipokatwa na hapa lilipochomelewa, chuma kimebaki wazi. Maji yakilala hapo, kutu." Nikamuuliza habari ya kupima kwa sumaku kama chombo ni stenlesi. Akasema bati litaishika, ndiyo, lakini kuna stenlesi inayoishika pia, kwa hivyo nisiitegemee.

Tangu hapo siloweki. Naosha kwa mkono, nafuta papo hapo, halafu navipanga kwenye trei na kuviingiza kwenye oveni niliyoizima ikiwa bado na joto, mpaka kiungo kikauke ndani kabisa. Kutu mpya sijaiona.

Nilikaa kuandika kwamba mtu asivinunue. Sasa naona siwezi kusema hivyo. Dada yangu ana vya stenlesi halisi, vinene, na donge laini vinalibana kabla ya kulikata. Vyangu vinakata vizuri zaidi. Yule kijana angeniambia tu, "Hili ni bati, likaushe haraka," ningelipa bila kinyongo. Kwa hivyo vikatio vyenyewe ni vizuri, nunueni, ila si katika duka linalodanganya mteja halafu linamcheka.

Shilingi zangu 850 wakae nazo. Ninachotaka ni yule msichana aniombe radhi, mbele ya wateja, kwa sauti ileile aliyonichekea nayo.